Gobore Halirithiwi

Baba alipokufa aliacha ng'ombe mmoja,
baiskeli isiyo na mnyororo,
ekari mbili za miti, na gobore.

Ng'ombe tulimgawana kwa maneno makali.
Miti, kaka zangu waliihesabu hadi giza likawakuta shambani.
Gobore hakuna aliyeligusa.
Liliegemea ukuta nyuma ya mbeta za ulanzi
likitutazama kwa jicho lake moja.

Kila Januari baba alivaa koti la kanisani
akashika njia ya Mafinga, kitabu cha leseni kifuani,
ndani ya mfuko wa sukari kisilowe.
Alilipa. Akagongewa muhuri.
Alirudi usiku, ukungu umemjaa kwenye nyusi, akasema:
"Mimi na serikali tumeelewana mwaka mwingine."

Matanga hatujaanua, Mtendaji Nyaulingo akaja.
"Leseni ilikuwa ya marehemu. Marehemu hayupo,
leseni haipo. Chuma kirudi polisi."
Nani atakibeba?
"Yeyote."
Na huyo yeyote ana ruhusa ya kutembea na silaha barabarani?

Akakuna kidevu.
Sheria yanituma nilipeleke, sheria yanikataza nilishike,
na katikati nimesimama mimi, Yusta, kitindamimba,
niliyeachiwa funguo za ghala na ugomvi wa wakubwa.
Akaandika barua. Muhuri wa kijiji ulikuwa mkavu;
akaupumulia kama mtu anayefuta miwani.

Nikalivingirisha kwenye kitenge cha mama,
nikalibeba mgongoni kama mtoto mwenye homa.
Nyololo nikapata lori la mbao.
Tingo akauliza, "Mtoto ana miezi mingapi?"
"Ana miaka sitini. Halii."
Hakucheka. Akanipisha kwenye turubai.
Kizuizini wakapekua vibali, ubao kwa ubao,
wakabishana juu ya mbao tatu zilizozidi.
Mimi sikuulizwa kitu.
Moyo ulinidunda kama mtu anayetwanga usiku
na hataki majirani wajue ana mahindi.

Mafinga, kaunta.
Koplo Atupele, mwandiko wa shule ya masista:
Aina: gobore. Namba: imefutika. Hali: kutu.
"Lilitumika lini mara ya mwisho, na kwa nini?"

Mstari wa fomu ulikuwa mfupi kama kidole gumba.
Usingeutosha usiku ule wa mwaka wa njaa,
vishindo jikoni, darini kwenye mahindi,
baba mlangoni, gobore limeshindiliwa,
mama nyuma yake na kibatari.
Mwanga ukamkuta mwizi usoni: Kalolo,
mtoto wa dada yake, nusu gunia begani.
Mtutu ulikuwa umeshamfikia kifuani.
Baba akauinua. Juu. Juu zaidi.
Akatoboa bati letu wenyewe.
Kalolo alikimbia akaacha gunia.
Alfajiri baba alilijaza hadi shingoni,
akampelekea.

Nikasema, "Kwa nguruwe. Zamani."
Akaandika: nguruwe.
Akanipa risiti. Niliikunja ndani ya mfuko wa sukari.

Sasa ni Machi, mahindi yamebeba, na nguruwe wamejua.
Wanashuka kutoka msituni bila barua,
na kaka zangu wako Makambako wanauza miti.
Nakesha kwenye dungu na debe tupu na mchi.
Nalipiga mpaka vidole vinakufa ganzi.
Wanasimama, wanasikiliza, wanaendelea kula;
nao wanajua tofauti ya debe na baruti.
Nalipiga hivyo hivyo.
Leseni ya debe bado sijaulizwa.

Mvua ikizidi narudi ndani.
Tundu la bati lipo palepale, dogo, la mviringo,
usiku wa mbalamwezi linaweka shilingi sakafuni.
Kaka mkubwa kanitumia lami nilizibe.
Lami iko darini.
Naweka sufuria.