Ubavu wa Kushoto

Niliwahi kuhesabu watu pia.
Mwaka wa sensa, Mukuru,
chaki mkononi, namba juu ya mlango wa bati.
Asubuhi mvua imeifuta
na mama mwenye mlango ananiambia,
"Andika tena, binti, lakini sisi ni walewale."

Sasa nahesabu fisi.
Hawana mlango.

Kamera mbili kwenye migunga miwili,
zinatazamana, njia ya Mto Mbagathi katikati yake,
ili apitaye apigwe picha mbavu zote mbili.
Maana huyu mnyama hakunakiliwa:
madoa ya kushoto hayajui ya kulia.
Upande mmoja kundinyota,
upande wa pili uji uliomwagika.
Lakini siafu waliingia kamera moja wakajenga,
nyingine betri ilikata roho wiki ya kwanza,
basi ninao fisi nusunusu faili zima:
KS, waliotupa ubavu wa kushoto,
KL, waliotupa wa kulia,
na wachache tu waliokubali kuwa wazima.

KS-9 ana doa kama kwato juu ya paja.
Yule wa sikio lililochanika namwita Shangazi,
kimoyomoyo,
kwa kuwa Daktari Nyaboke hataki majina.
Jina, asema, ni mwanzo wa upendeleo.
Sironka wa doria ananiangalia na lenzi yangu:
"Kwetu fisi hahesabiwi.
Wanahesabiwa mbuzi, asubuhi,
yeye akishapita."

Nikamweleza kwa maharagwe.
Paka wino ishirini na manne, rudisha guniani,
tikisa, chota kibaba.
Yenye wino yakiwa machache kibabani,
jua gunia ni kubwa.
Akafikiri.
"Na gunia likitoboka?"

Limetoboka, Sironka.
Kusini hakuna uzio, wanakwenda Kitengela kufuata mifupa
na wengine hawarudi.
Kaskazini ile barabara ya lami, na lori la kokoto
saa tisa usiku, bila taa moja.
Hesabu inaomba asizaliwe mtu, asife mtu, asihame mtu
mpaka nimalize kuandika.
Nani Nairobi hii amewahi kupewa ombi kama hilo?

Hata hivyo niliandika.
Awamu ya kwanza: ishirini na wanne.
Ya pili: ishirini, na wanane kati yao nawajua.
Zidisha, gawanya. Sitini.
Thelathini na sita nimewaona kwa macho;
hao wengine wamezaliwa na kugawanya,
hawana madoa, hawana harufu,
lakini wamo kwenye ripoti, wameketi.

Ndipo Jumanne, kamera zote mbili zikiwa hai,
garimoshi likipita juu ya nguzo za reli mpya,
mmoja akakatiza katikati bila haraka.
Kushoto: kwato juu ya paja.
Kulia: ule mstari wa madoa saba uliopinda
ambao mimi mwenyewe, kwa mkono wangu,
awamu ya pili niliuandikia
KL-14, mgeni.

Nilizitazama picha hizo mpaka chai ikaota utando.
Mgeni wangu nilikuwa namjua tangu Februari.
Wanane wakawa tisa.
Zidisha tena, gawanya:
hamsini na watatu, na chenji.

Saba wamekwisha.
Hakuna mzoga, hakuna tai, hakuna wa kulaumiwa.
Nimemtambua mmoja tu
na saba wakaondoka na mashaka yangu.

Daktari akasema, "Vizuri. Rekebisha."
Nikarekebisha.
Sikumwambia kwamba kwa siku mbili
niliwakumbuka wale saba.

Usiku, ng'ambo ya mto, upande wa Tuala,
mbwa wamenyamaza ghafla na mmoja analia,
anapanda, anapanda, anakata.
Sauti haina ubavu.
Nazima taa.
Huyu simwandiki.