Gunia Lisizidi

Saa nane usiku jaribio lilifeli
na skrini ikaandika kwa herufi nyekundu:
*Nilitarajia kweli. Nimepata uongo.*

Basi. Hakuna la gunia, hakuna la kilo,
wala mizani ipi, ya Kibosho au ya Uru.
Kama shahidi anayeapa, akasema "siyo",
akashuka kizimbani kwenda kunywa chai.

Kweli ya nini? Uongo wa nani?
Nilikaa ghorofani, juu ya duka la nondo,
mpaka magari ya ndizi yakaanza kushuka Mbuyuni,
nikichambua mistari mia tatu kama mchele wenye chuya.
Kosa lilikuwa sifuri moja.

Asubuhi nikamwambia Kiwelu: naandika maktaba yangu,
ya madai yanayosomeka.
Dai liwe sentensi, sentensi iwe Kiswahili,
na asiyejua kompyuta akilisoma kwa sauti
asikwaruzwe koo.

Akacheka. "Na ngeli utazifanyaje?"

Sikumwelewa hadi nilipoanza.
Nilitunga *isizidi*. Bei isizidi: sawa.
Likaja gunia, likakataa: mimi ni *lisizidi*.
Magunia: *yasizidi*. Uzito: *usizidi*.
Kipimo na vipimo, kila kimoja na chake,
wakanipangia foleni mlangoni kama wakwe,
kila mkwe na salamu yake, na ukikosea umetukana.

Siku kumi na moja nilifuga viambishi.
Kitenzi kimoja, milango kumi na minne,
nikajiona bingwa: hata *kusizidi* nilikuwa nayo,
endapo kuvuna kwenyewe kungekuja kupimwa.
Nilihesabu mizani kama mtunga shairi,
nikasahau mizani yenye jiwe.

Yenye jiwe ni ya Mama Ndeonasia,
karani wa kupokea kahawa Kibosho.
Alikuja mjini kufuata vitabu vya stakabadhi,
nikamgeuzia skrini: hebu soma hapa, mama.

*Hakikisha gunia lisizidi kilo sitini.*

Alisoma bila kukwama. Akavua miwani.
"Kiswahili kizuri. Sasa likizidi?"

Likizidi nini?

"Likizidi, hii inasema nini?
Mimi sisemi *limezidi* halafu nikanyamaza.
Mtu amesimama mbele yangu na jasho la mwaka mzima.
Namwambia: gunia lako la tatu, hilo la kamba nyekundu.
Haki ni sitini. Nimesoma sitini na mbili na nusu.
Ziada ni mbili na nusu.
Sindano ile pale, njoo utazame mwenyewe."

Nikayaandika nyuma ya risiti ya umeme,
yeye akaondoka na vitabu vyake kwapani.

Jioni ile nilifunga milango kumi na mitatu.
Nikaweka *kutozidi*, isiyo na ngeli, inayokaa na yeyote,
kavu kidogo, kama kiporo, lakini inashibisha.
*Lisizidi* sikuifuta. Niliiachia gunia peke yake;
Kiwelu akiuliza, namwambia ni ya ukumbusho.

Muda wote uliobaki niliupa upande ule wa pili,
dai linapovunjika,
maana dai likisimama hakuna anayelisoma.
Hulisoma mtu mwenye usingizi, peke yake,
taa ya jenereta ikipepesa,
na mtu huyo hahitaji ushairi.

Novemba, msimu umechanganya, likafeli tena.
Zamu ilikuwa ya Kiwelu.

*Gunia la 3, mizani ya Kibosho.*
*Haki: 60. Halisi: 62.5. Ziada: 2.5.*
*Tazama mstari wa 118.*

Alitazama. Akarekebisha, akazima taa.
Hakunipigia simu.

Nilijua asubuhi: niliamka
nimelala hadi jua likaingia chandaruani,
na kwanza, kabla ya kufurahi,
niliogopa.