Mwanafunzi Ataweza

Walituita ukumbini Jumatatu, chuoni kwetu Soroti,
tuje na silabasi zetu na moyo mkunjufu.
Chai ilichelewa. Projekta ikagoma, ikagoma tena.
Dakta Nabwire, mwezeshaji kutoka Kampala,
hakuungoja umeme. Aliokota chaki, akaandika:
Mwishoni mwa kozi hii mwanafunzi ataweza
akaacha pengo, akatugeukia.

Mimi nikajaza upesi. Miaka kumi na tisa nafundisha maji!
Ataweza kuelewa mwendo wa maji chini ya ardhi.
Akakipigia kitenzi changu mstari mwekundu.
"Kuelewa kunaonekanaje, Bwana Ejoku?
Kuna rangi? Utanionyesha kwa kidole?"
Watu walicheka. Nami nikacheka, cha meno tu.

Usiku nilifungua kabati.
Noti zangu zimegeuka manjano, pembe zimeliwa na mende.
Nimezisoma kwa sauti mwaka baada ya mwaka,
wakaziandika, wakanirudishia kwenye mtihani
kama mtu arudishavyo sahani ya jirani
ikiwa imeoshwa vizuri, na tupu.

Nikamkumbuka Opolot.
Alama tisini na moja. Mwandiko wa kupigwa chapa.
Siku ile tulikwenda njia ya Amuria, darasa zima kwenye lori,
tukakuta bomba la kisima limekufa wiki ya tatu,
madumu yamepangwa foleni, wenyewe wamekwenda kinamasini.
Nikampa Opolot spana.
Aliishika kama mtoto wa watu aliyejikojolea.
Akatueleza kanuni ya mgandamizo, yote, bila kukosea,
na bomba likamsikiliza kimya.

Amongin akavua viatu.
Amongin niliyemwangusha mara mbili,
aliyeandika majibu mafupi kama anadaiwa wino.
Akabandika sikio kwenye chuma, akasukuma mpini, akasukuma tena.
"Ngozi ya ndani imekwisha," akasema.
Wakavuta fimbo juu, moja moja, mikono ikawa myeusi kwa grisi.
Alikata ngozi mpya kutoka kwenye kiatu chake mwenyewe, cha kulia.
Maji yalitoka pigo la arobaini na mbili,
kwanza kutu, halafu matope, halafu maji.

Mama mmoja, mtoto mgongoni, akajaza dumu lake,
akauliza bila kututazama:
"Aliyemfundisha huyu ni nani?"
Wanafunzi wote wakanigeukia mimi.
Nikainama kufunga kamba za viatu
ambazo hazikuwa zimefunguka.

Muhula ule Opolot alipata A.
Amongin alipata thelathini na nane, akaondoka.
Sikumwonea. Mtihani haukuuliza alichokijua,
na mtihani niliutunga mimi.

Basi nimeandika upya, hadi jogoo wa jirani akawika:
ataweza kufungua, kupima, kusikiliza,
ataweza kumweleza mwenye dumu kwa nini amengoja
kwa maneno ambayo mwenye dumu atayakubali.
Vifaa: spana mbili, kamba, kiatu cha zamani, kisima kibovu kimoja.

Lakini, Dakta, kuna kitenzi kimenishinda.
Nilikiandika, nikakifuta, nikakiandika.
Ataweza kuona haya.
Fomu yako ina kisanduku: Utapimaje?
Sijui. Kwa dodoso? Kwa alama kati ya kumi?
Mimi mwenyewe kimenichukua miaka saba
na hakuna aliyenisahihishia.
Nimekiacha kisanduku wazi. Ukipiga mstari mwekundu, piga.

Nasikia Amongin yuko Katakwi, ana duka la vipuri.
Kwenye nafasi ya Mkufunzi Msaidizi nimeandika jina lake kwa penseli.
Leo saa nne, kabla ya kupeleka fomu, nikampigia.
Simu iliita muda mrefu.
Kisha mlio wa chuma kugonga chuma,
na sauti yake, kwa mbali, ikimwambia mtu:
"Shika hapa. Hapana, hapa. Umeona?"