Jibu la Fundi Fremu kwa Bi Somoe

Umeniuliza, Bi Somoe, santuri umeibana kwapani
ndani ya kanga, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani:
ikitiwa fremu ikaangikwa, itaharibika?

Ngoja niweke randa chini.
Ningekuwa na njaa ningekujibu "la",
nikapima, nikakata mbao, nikahesabu pesa.
Ila swali lako nimeshawahi kulilipia.

Ilikuwa ya mama. Jalada la kijani, pembe moja imetafunwa na mende,
nyuma ameandika kwa wino: *Ya Mkamisi. Si ya kuazima.*
Niliibana kwa kioo, gundi mgongoni, misumari minne,
nikaitundika hapa hapa Langoni, mkabala na dirisha la magharibi,
ili wapitao waione kazi yangu.
Jua la saa kumi likawa linaingia kila siku
bila hodi, linaikalia mpaka adhana.
Mwaka wa kwanza kijani kikawa chai ya maziwa.
Wa pili, sahani ikajikunja ukingoni kama ng'onda,
na pale ilipogusana na kioo
mifuo ilikuwa inang'aa, imelambwa.
Nilipoiweka tena chini ya sindano
mwimbaji akapanda, akashuka, akayumba,
kama mgonjwa anayeteremshwa ngazi za ghorofani kwa kiti.
Mama hakunilaumu. Alizima.
Akauliza kama nimekula.

Basi sikiliza. Kuta zetu hizi ni matumbawe na chokaa,
hunywa bahari usiku, mchana hutema chumvi.
Pitisha mkono hapa. Onja.
Kwa hiyo fremu isishikane na ukuta; iachie upana wa kidole, ipumue.
Kioo kisiibusu.
Gundi, haramu.
Iwe chumba cha ndani, kwenye vidaka, jua lisikojua njia,
wala usiiache ikining'inia kwa upande mmoja,
uzito wake wenyewe utaisaliti polepole.
Na nyuma nitaitia mlango mdogo na kikomeo cha shaba.
Siku ukitaka kuisikia utafungua, hutavunja.

Umecheka.
"Nisikie kwa kitu gani?"
Gramafoni aliiuza Shekuwe mwaka wa karo,
ikaenda na sindano yake,
ikabaki alama ya miguu minne juu ya meza,
ambayo mpaka yeo, wasema, huweki kitu juu yake.
"Mato yameshazoea kazi ya masikio.
Naitazama tu, najua inapokwaruza: wimbo wa pili, udi ukinyamaza,
pale marehemu alipoikanyaga usiku wa harusi ya dada yake
akajifanya si yeye."

Hapo ujuzi wangu umekwisha, Bi Somoe.
Jua nalijua. Chumvi naijua, inanilia misumari.
Sijui kukaa miaka ishirini na nane bila sindano
nako ni kuharibika kwa namna gani,
wala kama kuna mbao ya kukuzuia.

Lakini Twalib wa Mkomani ana mashine,
mkanda wake nimeubadilisha mimi juzi.
Twende yeo, kabla sijakata chochote. Mara moja tu.
Kisha utaamua mwenyewe: jalada ukutani,
sahani kabatini, wima, isilaliwe na kitu;
au zote mbili ndani ya kioo; au nirudishe rula mfukoni
na tusiongee tena habari hii.

Usinilipe kwa leo.
Ishike ukingoni, vidole viwe mbali na mifuo.
Hapana, nipe mimi kanga, wewe beba yenyewe.
Ngazi za kwa Twalib zina giza.