Ringi ya Lori

Kengele yetu ni ringi ya lori la mgodi,
imefungwa kwa waya kwenye kipande cha reli.
Naigonga kwa bolti, Jumapili, saa kumi na mbili,
na milima ya Kilembe huirudisha sauti
kana kwamba ng'ambo pia kuna katekista
asiyejua ni nani anayemwitikia.

Miaka kumi na mmoja niligonga bila kuuliza.
Kisha Nyamwamba ikashuka usiku
na mawe makubwa kama ng'ombe,
ikaingia kwa Thembo bila hodi.
Mbambu, bintiye, nilikuwa nimemshika kichwa
padri alipommiminia maji ya ubatizo.
Siku nne tu. Halafu maji yaleyale –
wazo hilo sikulimaliza.
Hata leo sijalimaliza.

Jumapili iliyofuata niligonga ringi.
Nikasikia chuma.

Watu hudhani shaka huja kwa kishindo.
Langu lilikuja kama unyevu ukutani:
leo doa nyuma ya kabati,
kesho kabati lenyewe limevimba, halifungi.
Watoto wa komunyo ya kwanza niliwafundisha
kwa mdomo wa kuazima.
Usiku Biira, mke wangu, aliniuliza,
"Unasali?"
"Nahesabu," nikasema.
Hakuuliza nahesabu nini.

Nikaandika barua.
*Padri, tafuta mwingine.
Mimi nimebaki fremu ya mlango;
nyumba yenyewe imekwenda na mto.*
Nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati,
nikashika njia ya Kasese kwa miguu
maana sikutaka kufika upesi.

Darajani nikakutana na Kabugho, dada yake Thembo,
kanga imelowa hadi magotini.
"Katekista, mama anakata roho."
"Kabugho, mimi sina maneno."
"Sikukuuliza una nini. Nimekwambia twende."

Chumba kilinuka kahawa mbichi;
magunia matatu yameegemea ukuta
kama wageni waliokosa viti.
Bibi Ithungu kwenye mkeka, pumzi moja moja.
Na Thembo mlangoni, kiko mkononi, hakijawashwa,
akitazama viatu vyangu.

Nikaanza Baba Yetu.
Nikaenda vizuri, kama mtu anayeshuka ngazi gizani
kwa sababu anazijua idadi yake,
mpaka pale pa kumwambia Mungu afanye atakavyo.
Pale ngazi ikakosekana.
Koo likafunga.
Nje kuku akaparua, akaparua tena.
Nilijua Thembo sasa ananitazama usoni.

Ndiye aliyeendelea.
Thembo!
Sauti haikuwa tamu; ilikuwa ya mtu aliyebeba gunia
na hana pa kulitua.
Kabugho akaingia chini yake, kisha jirani, kisha mtoto wa jirani,
wakaibeba ile sala
kama tunavyomteremsha mgonjwa mlimani kwa machela:
bega likichoka, bega jingine linapenya,
na mgonjwa hasikii hata mtikisiko.
Mimi nilitembea pembeni, mikono mitupu,
kama ndugu wa mgonjwa.

Jioni, baada ya kumfunika, nikamwuliza uani:
"Thembo, wewe unaamini?"
Akawasha kiko. Kikazimika. Akawasha tena.
"Sijui. Ila mama alikuwa anasikiliza."

Barua haikufika kwa padri.
Biira ameisokota, kazibia tundu la ukuta
panapoingia baridi ya theluji ya juu.

Shaka halijaondoka, nisikudanganye.
Jumapili huwahi kuliko Wakristo wote,
hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango,
nami nimeacha kulifukuza.
Ninalisalimu, kisha natoka nje kushika bolti.

Leo ukungu umeficha hata mto.
Nagonga.
Nasikia chuma.
Nasikia mlima ukijibu kwa kuchelewa, kama kawaida yake.
Halafu, chini huko, kwenye changarawe iliyoachwa na mafuriko,
nasikia miguu.