Weusi wa Vidole

Mama, ule weusi uliokuwa ukiusugua kwa limau
kila Jumamosi jioni, ili kesho yake kanisani
usiifiche mikono ndani ya kitenge,
una jina.
Nimelikuta kwenye kichupa kifupi kuliko kidole gumba,
limeandikwa kwa wino uliofifia:
kimeng'enya.

Jani la chai likichumwa halilii.
Linapondeka, hewa inapenya,
na hicho kisichoonekana kinashika oksijeni mkono huu,
utomvu mkono ule,
kinavifungisha ndoa.
Mahari ya ndoa hiyo ni rangi,
na miaka thelathini ulilipa wewe.

Pale kiwandani, Ambakisye wa zamu ya usiku
hunusa trei. "Bado."
Hunusa tena. "Sasa."
Mimi na mashine yangu ya kupima mwanga
tunafika dakika nne baadaye
na jibu lilelile.

Lakini mimi namtafutia mtia rangi kazi nyingine.
Yako maji ya kuoshea kahawa
yanayoshuka mtoni mekundu kama kutu,
yakiwawasha watoto miguu.
Nimeokota maganda ya ndizi soko la Tukuyu, magunia mawili;
Tusajigwe muuza maparachichi akaniuliza,
"Mtaalamu, kwani una nguruwe wangapi?"
Nikaponda. Nikachuja kwa kanga yako ya zamani
(ile uliyodhani imeibwa kambani).
Nikatia kijiko kimoja katika ndoo.

Kwanza maji yakazidi kuwa meusi.
Hapo ndipo wenye fedha hukunja uso
na kutazama saa.
Ukingoja, uchafu unaanza kushikana na uchafu,
chembe kwa chembe, unakuwa mzito,
unazama.
Juu panabaki maji ambayo unaweza kuona
kovu la ndoo upande wa pili.

Juni umeme ukakatika siku tatu.
Jokofu likaanza kutoa jasho.
Nikavibeba vichupa mpaka kwako, usiku,
nikavining'iniza nje ya dirisha linalotazama Rungwe,
na ile baridi uliyoilaani tangu ujana wako,
ile iliyokunyima usingizi na kukupa kikohozi,
ikanilindia kazi ya miezi saba.
Asubuhi nilipopima, vilikuwa hai.

Kati ya ndoo kumi, sita zimetakata.
Nne zimegoma, na sijui kwa nini.
Nimeandika hivyo hivyo: sijui.

Jana ulikuja maabara kwa mara ya kwanza,
ukainama juu ya ndoo ya sita,
ukachovya kidole, ukakitazama kwenye mwanga.
Nilisubiri unisifu.
Ukauliza, "Na hiki kilicholala chini,
Anyosisye, utakwenda kukimwaga wapi?"

Ukurasa wa mwisho wa ripoti
bado ni mweupe.