Mstari wa Buluu, Mukuru

Hatukuanza na bango. Tulianza na tepu,
tepu ya Kerubo fundi cherehani,
iliyofutika namba kati ya sitini na tisini
kwa kuzunguka viuno vya watu.

Jumamosi, mvua ilipopusa,
tukabisha kwanza kwa Mutheu muuza makaa.
Akacheka: “Leo mnapima ukuta wangu
au mnapima dhambi yangu?”
Tukamwambia, ukuta kwanza.

“Maji yalikufika wapi?”
Swali letu lilikuwa hilo tu.
Hatukutaja hewa ukaa, hatukutaja nyuzijoto.
Wengine waligusa bati kwa kiganja,
wengine waligusa miili yao: hapa, gotini;
hapa, kifuani.
Lokwang, bawabu wa zamu ya usiku,
akatazama kitanda, akanyoosha mkono juu,
akauacha huko, kimya.
Ikawa hapo. Tukapaka mstari.

Rangi ilikuwa masalio ya geti la kanisa,
kopo moja na nusu. Tulichanga ishirini ishirini
tukanunua mafuta ya taa ya kuizimua.

Mimi ndiye katibu.
Daftari langu lina mlango, jina, sentimita.
Nimeandika pia yasiyoulizwa:
kwamba mlango wa kumi na nne cheti cha kuzaliwa kilielea
kikakaukia juu ya sufuria;
kwamba mama wa mapacha alitaka mistari miwili,
mmoja wa maji, mmoja wa kimo cha wanawe,
na wa maji ukawa juu.
Hapo nilikosea kuandika, nikafuta, nikakosea tena.

Wiki ya pili wenye nyumba wakaja na brashi zao.
“Mnatufukuzia wapangaji.”
Wakapaka chokaa usiku. Kulipopambazuka
mstari ukachungulia chini ya chokaa kama mshipa.
Tukaupitia upya. Rangi ilipoisha
Mutheu akatoa vipande vya makaa, bila kusema neno,
watoto wakauendeleza, mweusi sasa,
hadi ukingoni mwa mto.

Kikao cha kwanza walikuja watu tisa.
Cha tatu tulikosa pa kukanyaga.
Si kwamba tuliwaita vizuri zaidi;
mstari uliwapitia.
Wa gotini alimuuliza wa kifuani:
“Kwani usiku ule ulilala wapi?”
Na yule akaeleza, tangu mwanzo, mbele ya wote.

Afisa alikuja Alhamisi na faili lake.
Akasema suala la tabianchi ni pana,
ni la dunia nzima, linataka subira.
Hatukubishana naye.
Kerubo akamwomba tu asimame kidogo
pale ukutani, kwa Lokwang.
Akasimama, kwa adabu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.
Buluu ikapita juu ya kichwa chake,
kiganja kizima.
Hakuna aliyecheka.
Kerubo akakunjua tepu, akasoma kwa sauti.
Nikaandika.

Jibu bado. Mtaro tumechimba wenyewe, upande mmoja,
na upande wa pili tunagombana nani alete sepetu.
Miche ya mianzi mitatu imeshika, mmoja umeliwa na mbuzi.

Jioni hii nafunga kumbukumbu. Naangalia nje:
mawingu kutoka vilima vya Ngong
nayo yameitisha kikao,
na akidi yao imetimia.